Kagua Ngazi na Mkanda Kabla ya Kupanda Mti

Msimu wa maembe Makueni na wa kurina asali Kitui huwapandisha wakulima wengi mitini. Kifaa kibovu humwangusha hata aliyezoea kupanda tangu utotoni.

Nguvu ya ngazi ya chuma ya jua kali iko kwenye maungio. Kila kidato kinapaswa kuchomelewa kuzunguka bomba lote, si kushikizwa kwa nukta mbili tatu. Ikague kabla haijapakwa rangi, kwani rangi huzuia kutu lakini pia huficha ufa. Miguu yake ivishwe mpira au plastiki ili isiteleze.

Plastiki na nailoni huharibiwa na jua kali. Kofia ngumu iliyopauka au kupasuka isitumike tena, wala mkanda wa usalama uliokakamaa au wenye nyuzi zilizokatika. Pete ya chuma inayounganisha mkanda na kamba huchapwa nguvu yake: kN 20 ni kama uzito wa tani 2. Pete isiyo na alama hiyo haifai kubeba mtu.

Ngazi ikiegemezwa urefu wa mita 4 kwenda juu, miguu yake iwe mita 1 kutoka shinani. Ngazi ya chuma isikaribie nyaya za umeme.

Anayeajiri wachumaji akumbuke kwamba Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri kutoa vifaa vilivyo salama. Ukaguzi huchukua dakika chache. Mgongo uliovunjika huenda usipone kamwe.