Tope na Changarawe Katika Mianya ya Gari

Mtu atakaye kununua Land Rover kuukuu hapa Kaloleni, Kisumu, kwanza hutazama bodi. Huizunguka gari, huigonga kwa ukucha, na akiona haina kutu hata chembe hufurahi, akaanza kuhesabu fedha zake za miwa au za ng'ombe. Kwa hakika bodi ile haiwezi kushika kutu, kwa kuwa sehemu yake kubwa haikufanywa kwa chuma. Gari hizo zilipoonyeshwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwaka 1948, Uingereza ilikuwa na upungufu wa chuma baada ya vita, ndipo waundaji wakachagua bati la alumini. Lakini chasisi, ambayo ndiyo mifupa inayobeba injini, bodi na abiria, ni chuma. Bodi yaweza kung'aa kama sahani mpya, na huku chini chasisi imeliwa hata kijiti chapenya. Bwana yule amekwisha kutoa akiba ya miaka mingi kwa kitu ambacho pengine hakitavuka masika mawili.

Aliyeila chasisi si jiwe lililoruka na kuigonga. Pigo la jiwe huacha kovu ambalo fundi huliona na kulipaka rangi. Mharibifu hasa ni tope na changarawe vilivyoingia katika mwanya usioonekana vikakaa humo.

Tena gari za Kaloleni hazikai Kaloleni. Huenda Ahero, Muhoroni, Nyakach na Seme, na njia za huko zina tabia mbalimbali. Katika uwanda wa Kano udongo ni mweusi, hunata mno wakati wa mvua, na ukikauka huwa mgumu kama tofali. Penye marumu gurudumu huchota changarawe na kuirusha juu, nyuma ya madigadi. Penye mashamba ya miwa kuna majani makavu. Kadhalika yako mafuriko: maji ya ziwa yalipanda sana tangu mwaka 1961 hata 1964, na mwaka 2020 yakapanda tena hata yakaingia katika barabara na nyumba za ufukoni.

Yafaa msomaji alale chali chini ya gari yake siku moja, atazame. Nyuma ya gurudumu la mbele ataona ukuta wa chuma mbele ya miguu ya dereva. Gurudumu hulirusha tope moja kwa moja pale, nalo huteremka na kutua juu ya chasisi na juu ya mikono ya chuma inayoishikilia bodi. Hapo pana kijirafu ambacho hakuna brashi inayokifikia. Chasisi yenyewe ni bomba la pembe nne, lina uwazi ndani, nalo lina matundu. Changarawe huingia kwa matundu hayo, husafiri mpaka nyuma kabisa, ikajikusanya katika boriti ya mwisho. Ndiyo sababu boriti hiyo ya nyuma huoza mapema, ingawa kwa nje imepakwa rangi nyeusi nzuri. Milango nayo ina vitundu vya kutolea maji upande wa chini, na vikizibwa na vumbi maji hukaa ndani kama katika mtungi.

Kutu haitaki ila maji na hewa. Tope hushika maji kama sifongo, hata saa nane mchana, jua la Kisumu likiwa limekausha kila kitu nje, ndani ya mwanya ungali ubichi wa juzi. Tena liko jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Mwaka 1800 Mtaliano Alessandro Volta alionyesha kwamba metali mbili za namna mbalimbali, zikitenganishwa na kitambaa kilicholowa maji ya chumvi, huzaa umeme. Tope bichi lililobanwa kati ya bodi ya alumini na chuma hufanya kazi ya kitambaa kile, na alumini ikaliwa, ikageuka unga mweupe. Tusijidanganye kwamba ziwa letu halina chumvi kama bahari ya Mombasa. Udongo wenyewe una chumvi zake.

Sasa tuseme juu ya dawa, maana hapa ndipo watu wengi wapotokapo. Wako wanaoshindilia vipande vya godoro au matambara katika kila ufa. Changarawe haiingii tena, ni kweli, lakini godoro hunywa maji na kuyahifadhi. Wengine humwaga lami juu ya chasisi ambayo haikukauka wala haikusuguliwa. Huko ni kuifungia kutu nyumbani mwake. Wengine hupaka oili chafu iliyotolewa injini. Oili hiyo huzuia kutu kidogo, lakini hunasa vumbi, hulegeza vipande vya raba vilivyo katika viungo vya gari, na inayodondoka husombwa na mvua mpaka ziwani, tunakopata samaki.

Nilimwuliza mzee mmoja mtaani kwetu, aliyeendesha Land Rover kwa miaka mingi katika barabara za Nyanza, yeye alizuiaje. Akanijibu, "Bwana Karani, huwezi kuziba kila mahali. Wewe angalia kwamba mlango wa kutokea ni mpana kuliko mlango wa kuingilia."

Sijapata kusikia fundi akilieleza jambo hili vizuri kuliko hivyo. Yeye alikata mpira wa ndani wa gurudumu la lori, akaufunga kwa skrubu na mkanda wa bati uwe pazia kati ya madigadi na chasisi, pale kwenye kijirafu. Pazia lilishikwa juu na upande wa mbele tu, chini likaachwa wazi, kusudi kilichopenya kianguke chenyewe gari inapotikisika. Gari za siku hizi hutoka kiwandani zikiwa na madigadi ya ndani ya plastiki kwa kazi hiyo hiyo. Lakini nazo si za kuaminiwa kabisa, kwa sababu kibanio kimoja kikikatika tope hulundikana nyuma ya plastiki, mahali ambapo mwenye gari hapaoni kamwe.

Matundu ya chasisi yasizibwe. Yasafishwe kwa waya, kisha maji ya mpira yapitishwe ndani mpaka yatoke safi, na gari iachwe juani imeinama kidogo. Ikikauka kabisa, ndipo ipigwe grisi au nta ndani. Wako waagizao chasisi mpya iliyochovywa katika zinki iliyoyeyuka, kama yalivyo mabati ya paa. Ni kitu kizuri, ila bei yake si ya mshahara wa karani.

Kuosha gari kwa kuitumbukiza ziwani, kama ilivyokuwa desturi ya wengi pale ufukoni Lwang'ni, si kuosha. Ekseli iliyotoka safarini ina moto; ikizamishwa ghafula katika maji hewa iliyo ndani husinyaa, ikavuta maji kupita kwenye sili na kuingia katika oili. Uso wa gari watakata, na tumbo limekunywa mchanga.

Majani makavu nayo yaondolewe kila jioni kwa mtu apitaye mashamba ya miwa au nyika. Yakikwama juu ya bomba la moshi yaweza kushika moto, na bomba la petroli haliko mbali.

Gari za umbo lile la zamani zilikoma kuundwa huko Solihull mwezi wa Januari 2016, kwa hiyo kila moja inayouzwa leo imekwisha kupita mikononi mwa watu na katika matope yao. Mnunuzi achukue nyundo ndogo, alale chini, agonge chasisi tangu mbele mpaka ile boriti ya nyuma, na mabomba ya breki ayapapase kwa vidole pale yanapoegemea tope. Chuma kizima hulia kwa sauti kali. Kilichojaa changarawe au kilicholiwa hutoa mlio mzito uliokufa, na mwenye kuuza akikataa gari yake isigongwe, basi fedha zirudi mfukoni.