Marekani: Hutoi matunzo ya mtoto, leseni inasimamishwa

Mahakama imemwamuru mzazi kutoa matunzo ya mtoto, naye hatoi. Afanywe nini? Nchini Marekani, moja ya hatua zinazochukuliwa ni kumsimamishia leseni. Tunaeleza utaratibu huo unavyofanya kazi, na unapokwama.

Kwa nini leseni?

Njia kuu ya kukusanya matunzo huko ni kukata mshahara: mwajiri huzitoa fedha kabla mzazi hajazishika. Lakini anayejiajiri, kama fundi ujenzi au kinyozi, hana mwajiri wa kumkata. Sheria ya mwaka 1996, iliyosainiwa na Rais Bill Clinton, iliyataka majimbo yawe na uwezo wa kusimamisha leseni za wadaiwa. Si za udereva tu. Zimo za kazi, kama uuguzi na uanasheria, na hata za kuwinda na kuvua samaki. Anayedaiwa zaidi ya dola 2,500 anaweza pia kunyimwa pasipoti.

Leseni haichukuliwi ghafla. Mdaiwa hupewa taarifa kwanza, ili alipe, akubaliane kulipa kidogo kidogo, au apinge deni kama anaona limekosewa.

Inakwama wapi?

Kwa mwenye fedha anayekwepa, tishio hili lina nguvu. Kwa asiye nazo, mambo hugeuka. Dereva wa lori akinyimwa leseni, kazi imekwisha, na deni linazidi kukua. Anayeumia ni mtoto yuleyule aliyekusudiwa kusaidiwa. Ndiyo maana baadhi ya majimbo huangalia kwanza kama mdaiwa ana uwezo wa kulipa.

Na hapa Tanzania?

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaipa mahakama uwezo wa kuamuru matunzo. Kabla ya kuamua, mahakama huangalia kipato na mali za wazazi wote wawili, na gharama za maisha mahali mtoto anapoishi. Usipojua pa kuanzia, nenda kwa afisa ustawi wa jamii.

Msikilizaji, kama matunzo hutumwa kwa simu, usifute ujumbe wa malipo. Siku mkibishana kuhusu kilichotolewa, ujumbe huo utamsaidia aliyetuma kweli, na rekodi ya simu itamsaidia pia yule ambaye hakutumiwa.