Wazazi na meli ya Alaska: bei ya tangazo sio bei ya safari

Wazazi wamestaafu. Mtoto mmoja anaishi Seattle, na mwaka huu wazee wanaenda kumtembelea. Kwenye kikundi cha WhatsApp cha familia mtu anatupia picha ya meli nyeupe mbele ya ukuta wa barafu: Alaska, siku saba, dola 700 tu. Kila mtu anafurahia. Halafu swali linakuja kwako wewe ambaye huwa unakusanya michango: tutume pesa wapi?

Ngoja kwanza. Safari ya meli kwenye nchi za baridi inaweza kweli kuwa ya bei nafuu, na kwa watu wa miaka 65 au 70 inaweza kuwa matembezi mazuri kuliko yote waliyowahi kufanya. Lakini unafuu huo uko na sharti moja: wazee wawe tayari wako upande ule. Nauli ya ndege ya watu wawili kutoka Nairobi hadi pwani ya magharibi ya Marekani inaweza kuzidi gharama ya meli yenyewe. Ikiwa ziara ya kumwona mtoto ilikuwa imepangwa, meli ni nyongeza. Ikiwa ndege italipwa kwa sababu ya meli pekee, hiyo si safari ya bei nafuu tena, na ni vizuri familia iambiwe mapema.

Tufanye hesabu

Tuchukue mfano wa baba na mama, chumba kimoja, usiku saba. Tangazo linasema dola 700 kwa mtu, kwa hivyo wawili ni dola 1,400. Kwa kiwango cha shilingi 130 kwa dola, hiyo ni shilingi 182,000. Hapo ndipo kikundi cha WhatsApp kinaposimama.

Sasa ongeza kodi na ada za bandari. Matangazo mengine huzijumlisha, mengine huziacha nje. Tuseme ziko nje, dola 250 kwa kila mmoja: 500. Kuna bahashishi ya wafanyakazi wa meli, ambayo kwenye meli nyingi kubwa hukatwa kila siku kwa kila abiria, kati ya dola 15 na 20. Kwa dola 17, wawili, siku saba, ni dola 238. Bima ya safari tuiweke dola 300 kwa wote wawili, ingawa kwa umri huo inaweza kupanda zaidi. Halafu visa ya Kanada, ambayo tutaieleza hivi punde: dola 100 za Kanada kwa kila mmoja, na 85 za alama za vidole. Kwa wawili hiyo ni karibu dola 270 za Marekani.

Jumla inafika dola 2,708, yaani shilingi 352,040. Karibu mara mbili ya bei ya tangazo, na wazee bado hawajanunua hata soda.

Hesabu hii haijawekwa hapa ili kuwatisha. Ni ili mchango wa kila mtu upangwe kwa kiasi cha pili, sio cha kwanza. Familia nyingi hukwama katikati kwa sababu zilichangia bei ya bango.

Kwa nini visa ya Kanada?

Hapa ndipo Wakenya wengi huumia, kwa hivyo tukae hapa kidogo.

Alaska ni Marekani, na Seattle ni Marekani. Ungedhani visa ya Marekani inatosha. Lakini sheria ya Marekani ya mwaka 1886 inazuia meli zenye bendera ya kigeni kubeba abiria kati ya bandari mbili za nchi hiyo bila kupitia nchi nyingine, na karibu meli zote kubwa za kitalii zimesajiliwa nje. Ndiyo maana meli inayotoka Seattle kwenda Alaska husimama Victoria, Kanada, hata kama ni kwa saa chache za jioni. Mwenye pasipoti ya Kenya anahitaji visa ya Kanada kwa kituo hicho. Asipokuwa nayo anaweza kuzuiwa pale gatini, na anayefika bila hati kamili kwa kawaida harudishiwi pesa. Visa ya Marekani nayo ni heri iwe ya kuingia zaidi ya mara moja, kwa kuwa mnatoka na kurudi. Ya Kanada iombwe wazee wakiwa bado Nairobi, maana kuituma pasipoti huku na huko ukiwa ugenini ni usumbufu.

Sasa, kama visa ya Kanada ni lazima kwa vyovyote, angalia pia meli zinazoanzia Vancouver. Meli nyingi za Seattle hupita nje ya Kisiwa cha Vancouver, kwenye bahari ya wazi, ambako mawimbi huwa makubwa. Za Vancouver kwa kawaida hupita ndani, kati ya kisiwa na bara, maji yakiwa yamekingwa pande zote. Kwa mtu anayepanda meli mara ya kwanza akiwa na miaka 70, tofauti hiyo ni kubwa kuliko aina ya chumba. Kutoka Seattle hadi Vancouver ni kama kilomita 230 kwa barabara, hivyo mtoto anaweza kuwapeleka mwenyewe.

Kwa nini Alaska inawafaa wazee

Sababu kuu ni kwamba mandhari yenyewe humfuata abiria. Katika hifadhi ya Glacier Bay meli huingia asubuhi na kutembea polepole karibu siku nzima bila mtu yeyote kushuka. Maafisa wa hifadhi hupanda melini na kueleza kinachoonekana. Meli kubwa zinazoruhusiwa kuingia ni mbili tu kwa siku. Mzee mwenye magoti mabaya anakaa kwenye kiti nyuma ya kioo, na blanketi na chai, akitazama mto wa barafu ukimeguka na kuanguka baharini. Kwa mtu aliyekua akiuona weupe wa kilele cha Mlima Kenya ukipungua mwaka hadi mwaka, ni jambo la kumkalisha kimya.

Lakini si kila safari ya Alaska huingia Glacier Bay. Soma ratiba, usisome jina la safari. Zingine hupelekwa kwenye barafu ya Hubbard, ambayo nayo ni kubwa ajabu. Kama ratiba haina hata siku moja ya barafu, bei rahisi hiyo imeacha kitu mlichokuwa mnanunua.

Msimu huanza mwishoni mwa Aprili na kwisha Oktoba. Mei na Septemba huwa rahisi kuliko Julai, na kati ya hiyo miwili sisi tungechagua Mei. Kusini-mashariki mwa Alaska, Mei huwa na mvua kidogo kuliko Septemba, na jua huchelewa kuzama. Nyangumi wameshaanza kurudi. Baridi yenyewe mchana haizidi sana Julai ya Limuru au Kinangop, isipokuwa upepo wa karibu na barafu, ambao ni kitu kingine. Usiende duka la bei ghali kutafuta koti. Gikomba na Toi ziko na makoti ya upepo na sweta za sufu za kutosha, na nguo tatu nyepesi zilizopandana hushinda koti moja nzito.

Chumba cha bei ya chini kabisa hakina dirisha. Vijana hulala humo vizuri tu. Kwa wazee tungeongeza pesa kidogo tupate dirisha, tuache roshani, kwa sababu roshani hupandisha bei sana na sitaha za juu ni za kila mtu. Omba chumba cha katikati ya meli, sitaha ya chini, kisiwe mbali na lifti. Katikati na chini ndipo meli huyumba kidogo zaidi. Dawa ya kichefuchefu aiandike daktari wao, maana nyingine huwafanya wazee kusinzia na kupepesuka, na nyingine hazipatani na dawa za presha.

Bandarini si lazima kununua matembezi ya kampuni ya meli. Reli ya White Pass pale Skagway, iliyoanza kujengwa mwaka 1898 wakati wa mbio za dhahabu, ni nzuri kweli lakini tiketi yake ni zaidi ya dola 100 kwa mtu. Ketchikan unaweza kutembea kwa miguu bila kulipa kitu. Chagueni tembezi moja la kulipia kwa wiki nzima, basi.

Kama mtoto yuko Ulaya

Hapo angalia Norway. Huduma ya meli za pwani ilianza 1893, na leo meli hizo husafiri kutoka Bergen hadi Kirkenes, zikisimama kwenye bandari 34 na kubeba wenyeji na mizigo pamoja na watalii. Uzuri wake ni kwamba unaweza kukata tiketi ya kipande: Bergen hadi Trondheim, au hadi Tromsø, kama unavyoshuka kwenye basi. Hakuna kuvaa suti wakati wa chakula. Ubaya ni kwamba vituo vingine ni vya dakika chache au vya usiku wa manane, na ziko sehemu za bahari ya wazi njiani. Majira ya baridi nauli hushuka na taa za kaskazini huonekana mawingu yakiruhusu, lakini gati huwa na barafu ya kuteleza. Nyonga ikivunjika, hakuna punguzo la nauli litakalolipa.

Visa hapa ni ya Schengen, na sharti lake ni bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000. Mzazi aliyeko London kwa visa ya Uingereza hawezi kuitumia kuingia Norway.

Bima, tafadhali

Daktari wa meli hutoza, na bili huenda moja kwa moja kwenye akaunti ya chumba. Mgonjwa akihitaji helikopta, gharama inaweza kufika makumi ya maelfu ya dola. Usitegemee kadi ya SHA huko. Ukinunua bima, uliza maswali mawili na upate majibu kwa maandishi: je, inalipia presha na kisukari ambavyo mzee tayari anavyo, na je, umri wake unakubaliwa? Bima ya bei rahisi iliyonyamaza kuhusu hayo mawili mara nyingi ni karatasi tu.

Sasa pesa

Safari hizi hulipwa kwa awamu, ambayo inafaa familia zinazochanga mdogo mdogo. Unaweka malipo ya kutangulia, halafu salio hudaiwa kati ya siku 60 na 120 kabla ya meli kuondoka, kulingana na kampuni. Jua tarehe hiyo kabla ya kuanza kuchanga. Kumbuka pia vikomo: kwenye M-Pesa muamala mmoja hauzidi shilingi 250,000, na akaunti haishiki zaidi ya 500,000. Michango ikijaa kwenye simu ya dada mmoja, mtakwama. Afadhali iende kwenye akaunti ya kikundi ambayo kila mtu anaona.

Ukipitia kwa wakala wa hapa Kenya, hakikisha ana leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Utalii, TRA, na lipa kwa Paybill au till yenye jina la kampuni. Jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuweka PIN ndilo la kuamini, sio lililo kwenye bango. Ukiambiwa utume kwa nambari ya mtu binafsi kwa sababu "mfumo uko chini" na ofa inaisha saa sita usiku, acha iishe. Ujumbe wa kurejesha pesa kupitia 456 husaidia uliyekosea nambari. Pesa ulizomtumia mkora kwa hiari yako, na ameshazitoa, ni habari nyingine.

Kuna jaribio moja ambalo wakora hawalipendi. Wakala wa kweli akishapokea malipo ya kwanza, anakupa nambari ya kuhifadhi nafasi. Usiridhike na karatasi yenye nembo. Ingia mwenyewe kwenye tovuti ya kampuni ya meli, weka nambari hiyo na jina la mzee kama lilivyo kwenye pasipoti, uone chumba, tarehe na kiasi kilicholipwa. Kama hakuna kitu baada ya siku mbili tatu za kazi, usitume awamu ya pili.

Ukilipa moja kwa moja kwa kadi ya mtandaoni iliyounganishwa na simu, angalia kiwango cha dola kabla ya kukubali. Na safari ikifutwa, pesa kwa kawaida hurudi kwenye kadi ileile iliyolipa, kwa hivyo usikubali wakala alipe kwa kadi yake "halafu mtaelewana".

Kadi hiyo ya mtandaoni usiifungue nayo akaunti ya matumizi melini. Meli hushikilia kiasi fulani mapema kama dhamana, na pesa hizo zinaweza kukaa siku kadhaa baada ya safari kabla ya kuachiliwa. Meli nyingi hukubali mzee aweke pesa taslimu kwenye dawati la wageni, kisha arudishiwe zinazobaki siku ya mwisho. Dola 200 zinatosha kuanzia.

Na laini ya Kenya iwekwe kwenye hali ya ndege tangu meli inapoondoka gatini, kwa sababu mtandao wa simu wa baharini hutoza vibaya. Maana yake ujumbe wenye nambari za kuthibitisha malipo hautafika. Kila kinacholipwa kwa simu kilipwe kabla ya kupanda.