Nilienda kumwona mwigizaji ninayempenda, kumbe hata jina lake silijui

NIMEMTAZAMA mwanamke huyu tangu nikiwa darasa la nne, sebuleni kwa shangazi kule Kangemi, watoto sita tumebanana sakafuni mbele ya runinga ya Great Wall isiyo na rangi. Najua anavyokohoa kidogo kabla ya kudanganya. Najua anavyokaza leso kiunoni akitaka kugombana na mke wa mwanawe. Maneno yake mengine nayajua kichwani, neno kwa neno.

Lakini jioni ile nilipopewa maiki, yeye akiwa ameketi hatua nne tu mbele yangu, nilifungua mdomo nikagundua kwamba sijui anaitwa nani.

Ngoja nianze mwanzo.

Bango la kikao hicho nililiona kwenye status ya rafiki yangu tunayeishi naye ploti moja. Mwigizaji mmoja wa siku nyingi angezungumza na mashabiki Jumamosi jioni katika ukumbi mdogo katikati ya jiji, upande wa Jeevanjee. Kiingilio shilingi 500, unalipa kwa M-Pesa, nafasi ni chache. Nilituma pesa hata kabla ya kumaliza kusoma.

Vikao vya aina hii si vigeni Nairobi, ila vijana wengi wa mitaa yetu hatuvifuatilii. Ukipitia ratiba za Alliance Française na Goethe-Institut, zote mbili ziko town, au za Kenya National Theatre pale Harry Thuku Road, hutakosa siku ambayo filamu au mchezo unaisha, taa zinawashwa, na waigizaji wanabaki kuulizwa maswali. Huku upande wetu wa magharibi, Unseen pale Kilimani huonyesha filamu za Kiafrika, na mara kwa mara walioitengeneza filamu huwa wako papo hapo. Mara nyingi kiingilio ni nafuu kuliko kuku na chipsi za Westlands.

Mimi nilikuwa na sababu nyingine ya kwenda.

Wiki hiyo kuna jamaa aliyenipata kwenye kundi moja la WhatsApp la wanaotafuta nafasi za kuigiza. Alijiita wakala. Alisema kuna tamthilia mpya inaanza kurekodiwa, kwamba uso wangu umependwa, na kwamba nafasi yangu iko tayari. Kilichobaki ni shilingi 3,500 za usajili na picha, na mwisho wa kulipa ni Jumatatu saa sita mchana. Nafanya kazi katika duka la M-Pesa, na 3,500 kwangu si pesa ya kuchezewa. Nilikuwa nayo, lakini ilikuwa ya kodi.

Nikajiambia: Jumamosi namwona mtu aliyekaa katika kazi hii miaka yote. Nitamuuliza yeye. Akisema lipa, nitalipa.

Matatu ilitoka Kangemi saa kumi. Waiyaki Way ilikuwa sawa hadi tulipokaribia Westlands, kisha tukasimama kabisa. Makanga akazima muziki, jambo ambalo abiria wa Nairobi anajua maana yake. Nilitumia dakika hizo kuandika swali langu kwenye simu. Nikalifuta. Nikaliandika upya. Tulipopita Museum Hill hatimaye, nilikuwa na swali zuri, fupi, lenye heshima. Nikashuka University Way nikitembea kama mtu anayekimbia.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Nilipata kiti safu ya pili kwa sababu kulikuwa na mzee aliyeondoa mkoba wake akaniambia, "Kaa hapa, msichana." MC akatuomba tuzime simu. Akasema mgeni wetu anataka kuzungumza bila hofu ya kujikuta TikTok kesho asubuhi. Ndiyo maana humu silitaji jina lake, wala lile la kuigiza, maana ukilijua hilo umemjua. Nilichokiandika hapa, mwenyewe alinipa ruhusa.

Alipoingia, ukumbi wote ulipaza sauti kwa jina la mhusika wake. Alitabasamu akapunga mkono. Nilimwona mfupi kuliko nilivyodhania, na hakuwa na leso kiunoni. Alivaa suruali ya jinzi na raba.

Alizungumza karibu saa nzima, na mengi hayakuwa niliyotarajia. Alieleza kwamba tukio la mwisho wa kipindi linaweza kurekodiwa siku ya kwanza, kwa hivyo unamlilia marehemu asubuhi halafu mchana unakula naye chakula katika tukio la wiki iliyotangulia. Alisema kuna siku anatoka nyumbani saa kumi alfajiri na kamera inamfikia saa tisa mchana. Kuhusu pesa alisema waziwazi: yeye hulipwa kwa siku aliyorekodi, na kipindi kikirudiwa mara kumi, yeye haoni hata shilingi. Ndiyo maana bado anafanya biashara yake ndogo, na wikendi anaongoza sherehe za harusi.

Kisha akatuchekesha kwa hadithi ya soko la Kawangware, ambako mama mmoja alikataa katakata kumuuzia nyanya. "Aliniambia, kwanza nenda ukamwombe msamaha yule msichana uliyemfukuza kwako usiku." Tukacheka hadi machozi. Yeye alicheka kidogo tu, akanyamaza, halafu akasema nyanya alizinunua kwingine siku hiyo.

Wakati wa maswali ukafika. Kijana mmoja aliuliza kama atamsamehe mke wa mwanawe msimu ujao. Mwingine akaomba arudie ile kauli yake maarufu, na akairudia. Maiki ikaja kwangu.

Nikasimama. Nikamwita kwa jina la mhusika, na hapo hapo nikahisi nimekosea. Nikataka kujirekebisha, nikatafuta jina lake halisi kichwani, sikulipata. Miaka yote hiyo, hata siku moja sikuwahi kusoma majina yanayopita mwisho wa kipindi. Swali zuri la Museum Hill likayeyuka. Nikajisikia nikiuliza, "Je, ile leso... uliinunua wapi?"

Watu waliangua kicheko. Yeye hakucheka. Aliniuliza, "Na wewe unaitwa nani, mwanangu?" Nikamwambia. Akasema, "Haya, mimi ni..." akataja majina yake matatu, polepole, kama mtu anayejaza fomu. "Sasa tumejuana. Leso ni ya mamangu."

Niliketi nikitamani sakafu inimeze. Lakini baadaye nikiwa nimetulia nilitambua kwamba kosa hili si langu peke yangu. Sisi Wakenya tukimpenda mwigizaji, tunamvua jina lake. Ni wangapi kati yetu waliomjua Charles Bukeko kabla ya Julai 18, 2020, siku aliyofariki? Kwetu alikuwa Papa Shirandula. Benson Wanjau, aliyetuacha Julai 2015, alikuwa Mzee Ojwang' wa Vitimbi hadi mwisho. Davis Mwabili akipita barabarani, ni Inspekta Mwala anayesalimiwa. Na kwa waliokua na Tahidi High, Sarah Hassan angali Tanya hadi leo.

Ni mapenzi, sikatai. Lakini mhusika hana kodi ya nyumba wala haendi hospitalini. Tukimjua mhusika pekee, hatuulizi mtu aliyemuigiza analipwaje, alianza vipi, wala alipoteza nini njiani. Halafu sisi wenyewe tukitaka kuingia katika kazi hiyo, tunaingia tukiijua kwa upande wa sebuleni tu.

Jamaa kama yule wa WhatsApp wanategemea hilo. Waliotazama Nairobi Half Life, filamu ya David 'Tosh' Gitonga ya mwaka wa 2012, wanamkumbuka Mwas, aliyeigizwa na Joseph Wairimu. Mwas ni kijana wa kijijini anayeuza filamu huku akiziigiza mbele ya wateja. Anakutana na waigizaji wa mjini, anawatazama kama miungu, na mmoja wao anaitumia njaa hiyo kumtoa pesa kwa ahadi ya nafasi. Filamu hiyo ndiyo ya kwanza ambayo Kenya iliwasilisha kuwania tuzo za Oscar. Miaka imepita, na ahadi ile ile sasa inakuja kwa WhatsApp.

Kikao kilipoisha, foleni ya selfi ilizunguka ukumbi. Sikuingia. Aibu ilikuwa bado inaniwasha. Niliteremka ngazi nikasimama mlangoni nikijifanya natafuta namba ya gari kwenye simu. Baada ya kama nusu saa akateremka, peke yake, mkoba begani.

Nikajipa moyo. "Shikamoo, mama." Na safari hii nikamwita kwa jina lake.

Akasimama. "Wewe ni wa leso."

"Ndiyo, mama. Swali langu halikuwa la leso."

Nikamweleza yote: jamaa, tamthilia, 3,500, Jumatatu saa sita. Hakuniruhusu hata nimalize. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Umewahi kuenda kuomba kazi dukani, mwenye duka akakuambia umlipe kwanza?"

Nikasema la.

"Mwenye kazi ndiye hukulipa. Akikudai wewe pesa, jua kazi yenyewe ni wewe."

Tukatembea pamoja hadi karibu na Jeevanjee. Aliniambia ukweli ambao haukunifurahisha: kwamba hata odisheni za kweli, zisizotozwa pesa, utaenda nyingi bila kuitwa. Kwamba yeye alianza kwa kubeba viti na kushika taa. Kwamba kuna vikundi vinavyozunguka shule za upili vikiigiza vitabu vya KCSE, kama ilivyokuwa Kigogo cha Pauline Kea na sasa Bembea ya Maisha cha Timothy Arege, na kwamba huko malipo ni madogo lakini utapanda jukwaani mara mbili kwa siku mbele ya wanafunzi ambao wakichoka hawakufichi. "Ukimaliza muhula mmoja na bado unaitaka kazi hii," akasema, "rudi tuongee."

Nikamuuliza kama naweza kuandika aliyoniambia. Akasema, "Andika. Jina langu liache." Kisha akavuka barabara kwenda kutafuta matatu, na kabla hajafika upande wa pili kijana mmoja wa boda akamwita kwa sauti, kwa jina lile la kuigiza. Akapunga mkono.

Njiani kurudi Kangemi nilimkumbuka Lupita Nyong'o. Wengi tunaanzia hadithi yake kwenye Oscar ya mwaka wa 2014. Lakini akiwa na miaka 14 aliigiza kama Juliet hapa hapa Nairobi, na kundi la Phoenix Players. Na filamu ya The Constant Gardener ilipokuwa ikitengenezwa Kenya, yeye alikuwa miongoni mwa wafanyakazi wa nyuma ya kamera. Huko alimwambia mwigizaji Ralph Fiennes kwamba angependa kuigiza. Fiennes hakumbembeleza: alimshauri aifanye kazi hiyo iwapo tu hawezi kuishi bila hiyo. Baadaye Lupita akaenda kuisomea Yale. Na yeye pia, siku ile, alikuwa msichana aliyesimama karibu na mtu maarufu akiwa na jambo moja la kusema. Sikumbuki kuona popote kwamba aliomba selfi.

Jumatatu saa tano na nusu jamaa akapiga. Nikamwambia anikate hiyo 3,500 kwenye malipo yangu ya kwanza. Akasema mambo hayaendi hivyo. Nikamuuliza yanaendaje. Akakata simu, na kufikia saa sita nilikuwa nimeondolewa kwenye kundi. Kuna wenzangu wawili waliokuwa tayari wamelipa. Hadi ninapoandika haya, bado wanasubiri kupigiwa.

Mimi sasa niko na kikundi kimoja cha vitabu vya shule. Nabeba sanduku la mavazi, napanga viti, na nina mistari mitatu, mmoja wao ukiwa "Karibuni." Kazi ya M-Pesa sijaiacha. Kodi nililipa.

Wiki jana nilikuwa kwa shangazi. Runinga siku hizi ni kubwa, ya rangi, imetundikwa ukutani, lakini watoto bado wanaketi sakafuni. Kipindi kikaanza, yeye akatokea na leso ya mamake, wote wakapaza sauti kwa jina la mhusika. Nikawaambia jina lake la kweli, yote matatu.

Shangazi akageuka akanitazama. "Huyo naye ni nani?"