Kisima, Birika na Shimo

Masomo: Mwanzo 26:12–25, Kutoka 21:33–34, Yeremia 2:13 na 38:1–13

Leo twataka kuongea nanyi juu ya jambo ambalo huenda mtaliona dogo, yaani majina ya mashimo yanayochimbwa ardhini.

Kiswahili chetu kina maneno mengi kwa jambo hili. Mtu anayejenga huchimba msingi. Anayeogopa mafuriko huchimba mtaro. Askari huchimba handaki. Wawindaji wa zamani walichimba rima, wakalifunika kwa vijiti na majani ili mnyama atumbukie. Na sisi sote twajua kaburi. Jembe ni lile lile, na udongo ni ule ule. Kinacholipa shimo jina lake ni kusudi la aliyelichimba. Kwa hiyo ukimkuta mtu shambani amezama mpaka kiunoni, huwezi kujua anafanya nini mpaka umwulize, "Ndugu, wachimba nini?"

Biblia nayo hutuuliza swali hilo. Tuangalie maneno matatu.

La kwanza ni kisima. Kisima ni shimo lililochimbwa mpaka likayafikia maji yaliyo chini. Kwa Kiebrania huitwa be'er, na ndilo neno lililo ndani ya jina la Beer-sheba. Akina mama wa Ukambani wanaelewa vizuri jambo hili. Wakati wa kiangazi mto huwa mchanga mtupu, lakini wao huchimba katika mchanga huo, na maji hujikusanya polepole, yakatekwa kwa kata. Mwenye kuchimba hakuyaleta maji hayo. Yalikuwapo, naye ameyafikia tu.

La pili ni birika. Hapa inatupasa kuangalia sana, kwa maana wengi wetu tukisikia birika twafikiria chai. Tukisoma katika Yeremia 2:13 kwamba watu wa Mungu walijichimbia mabirika yavujayo, twashangaa jinsi mtu anavyoweza kuchimba chombo cha chai! Lakini birika la Yeremia ni shimo lililochongwa katika mwamba ili kuweka maji ya mvua. Waebrania waliliita bor. Mdomo wake mara nyingi ulikuwa mwembamba na tumbo lake pana, na ndani lilipakwa lipu ya chokaa. Lipu hiyo ikipasuka, maji yalipotea taratibu, na mwenyewe hakujua mpaka siku aliposhusha ndoo ikapanda na tope.

Hapa Kenya vitu hivi viwili vyaweza kuonekana pamoja katika Ngome ya Yesu, Mombasa, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Mna kisima kirefu, na mna birika la maji ya mvua. Maji ya kisima kile yana chumvi, hayakufaa ila kwa kuoshea, kwa hiyo birika lilikuwa msaada mkubwa. Basi tusimwelewe vibaya nabii. Birika si dhambi. Kosa la Yuda lilikuwa kuiacha chemchemi ya maji mazuri, yasiyokoma, na kwenda kutoa jasho juu ya shimo lenye ufa.

Je, sisi hatufanyi hivyo? Mtu hujaza moyo wake Jumapili kwa nyimbo na mahubiri. Ifikapo Jumatano amekauka, na nyumbani mke na watoto wanalijua hilo kabla ya mchungaji. Mwingine anaishi kwa ushuhuda wa siku aliyookoka, miaka mingi iliyopita, wala hana neno jipya. Katika miaka ya 1930 Uamsho uliingia katika nchi yetu na kuyageuza makanisa. Twamshukuru Mungu kwa ajili yake. Lakini kusimulia maji waliyokunywa wazee wetu hakukati kiu yetu.

Tufanyeje? Isaka atufundisha. Wafilisti walikuwa wamevifukia visima vya baba yake Ibrahimu kwa udongo. Isaka hakusema kwamba maji yamekwisha. Alivichimbua tena, akavipa majina yale yale aliyoyatumia baba yake. Maji yalikuwapo siku zote. Kilichozuia ni udongo. Basi sala ya nyumbani iliyofukiwa na shughuli, chimbua. Ugomvi wa mpaka wa shamba uliofukia upendo kati yako na ndugu yako, chimbua. Isaka mwenyewe aligombewa visima viwili, akaviacha, akachimba cha tatu, akakiita Rehobothi, maana yake nafasi.

Neno la tatu ni shimo, nalo lina ajabu yake. Shimo walimotupwa Yusufu na Yeremia, kwa Kiebrania, ni bor pia, yaani birika! La Yusufu halikuwa na maji. La Yeremia lilikuwa na tope tu. Na Yusufu alipolalamika juu ya gereza la Misri, alilitaja kwa neno hilo hilo. Ndugu, birika lililokauka hugeuka kuwa gereza. Pombe, fedha, cheo: kile ulichokichimba ili kikunyweshe, kikikauka, waweza kujikuta chini yake, na kuta ni laini, hakuna pa kushika.

Hatuwezi kuliacha neno hili bila kutaja mashimo ya kweli kabisa. Watu huchimba timbo la mawe au kifusi cha barabara, wakamaliza kazi, wakaenda zao. Mvua ikinyesha shimo hujaa, na watoto huja kuogelea. Sisi wachungaji tumesimama kando ya makaburi madogo kwa sababu hiyo, na tumesikia watu wakisema, "Ni mapenzi ya Mungu." Someni Kutoka 21:33–34. Sheria ya Mungu yasema kwamba aliyechimba shimo asilifunike, punda au ng'ombe akatumbukia, lazima alipe. Ikiwa ni hivyo kwa punda, je, mtoto? Tusimsingizie Mungu uzembe wetu. Kama una kisima cha zamani kisicho na kifuniko, au kama kanisa lenu lilichimba choo kipya na kuliacha shimo la kale wazi, hiyo ni kazi ya juma hili, si ya mwakani.

Na aliyekwisha kutumbukia? Yeremia hakujitoa mwenyewe. Ebedmeleki Mkushi, mgeni katika nchi ile, alimwendea mfalme, akapewa watu 30. Alileta kamba, lakini kwanza alitafuta matambara makuukuu, akayashusha, Yeremia ayaweke kwapani ili kamba zisimchubue. Huo ndio wokovu wenye huruma. Bwana Yesu naye hakusimama juu na kutukemea tulio chini. Alishuka mpaka kaburini, akatoka, na mkono wake ungali umenyoshwa.

Basi jiulize leo: wachimba nini?

Tuombe. Ee Bwana, chemchemi ya uzima, utusamehe tulipokuacha. Utusaidie kuchimbua visima vilivyofukiwa na kuyafunika mashimo tuliyoyaacha wazi. Uwatoe walio shimoni, na utufanye sisi kuwa kamba na matambara mkononi mwako. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.