Setilaiti zaonya kabla ya homa ya mifugo kuzuka

KONDOO wengi wakiharibu mimba kwa wakati mmoja baada ya mvua kubwa, mfugaji asiwaguse kwa mikono mitupu. Huenda ni Homa ya Bonde la Ufa, ambayo wataalamu waliieleza mara ya kwanza mwaka 1931, baada ya kuua kondoo katika shamba moja karibu na Ziwa Naivasha.

Virusi vya homa hii huenezwa na mbu. Mayai yao hukaa katika udongo mkavu kwa miaka mingi, mengine yakiwa tayari na virusi, yakingoja mafuriko ndipo yaanguliwe.

Hapo ndipo setilaiti husaidia. Hupima joto la Bahari ya Hindi na ya Pasifiki, pamoja na ukijani wa nyasi, dalili za mvua iliyozidi kiasi.

Mwaka 2006 wanasayansi wa Marekani walitoa onyo wiki kadhaa kabla homa haijazuka Garissa. Hata hivyo, watu zaidi ya 150 walikufa nchini, kwani chanjo ya mifugo ilianza ugonjwa ukiwa umeshaenea.

Onyo bila chanjo ya mapema halifai kitu. Kwa hivyo, mvua nyingi ikitabiriwa, muulize daktari wa mifugo kuhusu chanjo. Chemsha maziwa, pika nyama hadi iive, na usimchinje mnyama mgonjwa. Ukipata homa baada ya kushika mnyama wa aina hiyo, nenda hospitali mara moja.