Umechoka na gharama za mbwa na paka? Fuga vunjajungu!

Mpenzi msomaji, wiki hii tuyaweke kando yale ya nani kamwacha nani, tuzungumze mapenzi ya aina nyingine kabisa. Kwa sisi tunaoishi geto la chumba kimoja, kitanda hapa, jiko pale, ndoo ya maji mlangoni, suala la kufuga ni ndoto za mchana. Mbwa? Mwenye nyumba atakutoa wewe na godoro lako. Paka? Atataka dagaa kila siku, na siku akijisaidia kwenye kiatu cha mpangaji mwenzako hiyo ni kesi ya kupeleka kwa mjumbe. Samaki nao wanataka tangi, pampu na umeme, na mambo ya umeme tusiyaanze hapa.

Mimi nimepata jibu. Jibu lenyewe lina miguu sita na kichwa cha pembetatu, halipigi kelele, halinuki, na chakula chake ni cha bure. Ni vunjajungu.

Najua wapo walioshatema mate chini. Kama ulikulia uswahilini, au likizo ulikuwa unapelekwa kijijini kwa bibi, lazima uliambiwa: usimguse yule mdudu, ukimgusa tu chombo cha kwanza utakachoshika kitavunjika. Ndiyo asili ya jina lake, na wengine wanamwita kivunjajungu. Usimchanganye na lile vunjajungu la watu kula na kunywa siku za mwisho kabla ya mwezi mtukufu, ingawa kwa kula hata huyu mdudu hana mpinzani.

Wagiriki wa kale nao hawakumwelewa, wakamwita mantis, yaani mtabiri. Waingereza walipoona alivyokunja mikono mbele ya kifua wakasema huyo anasali. Asikwambie mtu, hasali yule! Ile ni mitego. Mikono ina miiba kama msumeno, na inzi akijipitisha mbele yake anadakwa kwa muda usiofika hata moja ya kumi ya sekunde. Wachina ndio walimsoma vizuri, wakatengeneza mtindo mzima wa kung fu unaofuata mikono yake. Wapenzi wa picha za mapigano mnanielewa.

Sasa nikwambie ilivyoanza, na sitaficha aibu yangu. Siku moja naanika nguo, nikamwona mtoto wa vunjajungu kwenye ua wa michongoma, kijani, mdogo kama njiti ya kiberiti. Nikamgeuzia kichwa, naye akanigeuzia chake. Mdudu gani mwingine anageuza shingo kukuangalia? Nikamchukua, nikamtia kwenye chupa ya jamu, nikatoboa kifuniko. Wiki mbili tulikuwa washikaji. Nikitoka kibaruani nampelekea inzi, nakaa kwenye kitanda namwangalia anavyokula kuanzia kichwani. Halafu siku moja akagoma kula. Siku ya pili hivyo hivyo. Nikadhani anaumwa, nikawa namgusagusa na njiti. Asubuhi nikamkuta amekufa, kajikunja chini ya chupa, nusu ya mwili ndani ya ngozi ya zamani na nusu nje.

Nilimuua mimi. Kwa kutojua, ndiyo, lakini nilimuua. Vunjajungu hakui kama mtoto wa kuku. Anakua kwa kuvua ngozi, mara sita mpaka tisa hivi kabla hajawa mtu mzima, na kila anapovua lazima aning'inie kichwa chini, halafu ajivute taratibu kutoka kwenye ngozi ya zamani kama mtu anayevua suruali ya kubana. Chupa ikiwa fupi anagonga chini kabla hajatoka. Akishagonga, anapinda au anakufa. Na ile kugoma kula ndiyo dalili yenyewe: siku zile ni za kumwacha kama alivyo, usimshike, usimtikise, na kama kuna inzi hai humo ndani mtoe, maana anaweza kumsumbua akiwa laini hana pa kujitetea.

Kwa hiyo kanuni ni hii, iandike ukutani. Chombo kiwe na kimo kisichopungua mara tatu ya urefu wa mdudu, na upana mara mbili. Mimi sasa natumia lile kopo kubwa la plastiki la kuwekea biskuti dukani. Juu funika na kitambaa chenye matundu ili apate pa kushika na hewa ipite. Lakini sikiliza vizuri hapa: usikate kipande cha chandarua cha mbu. Vyandarua vingi siku hizi vina dawa ya kuua wadudu, na vunjajungu ni mdudu, basi umemjengea kaburi. Tumia neti ya pazia kuukuu. Ndani weka kijiti au viwili vya kupandia, na hapo nyumba imekwisha.

Maji hanyweshwi kwenye kibakuli. Chukua ile chupa ya kupulizia maji wanayotumia kina dada saluni, ioshe sana, puliza kidogo pembeni mwa kopo, naye atalamba matone. Unyevu huo huo unamsaidia ngozi itoke vizuri. Kwa joto letu la Dar huna haja ya taa wala hita kama wenzetu wa Ulaya, ambao wanawanunua hawa wadudu madukani kwa pesa nzima na kuwawashia taa ili wasife kwa baridi. Ila usimwanike dirishani jua likiwa kali, kopo la plastiki linageuka oveni.

Chakula ndiyo raha tupu. Anataka kinachotembea, basi. Inzi, nondo, panzi, nyenje, mende. Akiwa mdogo mpe vijidudu vidogo, kama wale wanaorukaruka juu ya ndizi zilizoiva sana, kila siku au siku moja moja. Akiwa mkubwa, mlo mmoja kila siku mbili tatu unatosha, na tumbo likishavimba muache. Usimpe mende aliyetoka kupuliziwa dawa, hata kama bado anatambaa. Na kama ni siku ya kupuliza dawa ya mbu chumbani, mtoe kwanza yeye, halafu ndiyo puliza, na usimrudishe mpaka chumba kipate hewa.

Vunjajungu wangu wa pili nilimpata jike mkubwa mwenye mabawa, tumbo limejaa, amejishikiza kwenye mpera wa jirani. Huyu alishamaliza kuvua ngozi, maana akishaota mabawa havui tena. Bwana wee, yule alikuwa na vituko! Akishakula anajisafisha mikono na uso kama paka. Ukipuliza hewa anayumba kama jani kwenye upepo. Mchana macho yake ni ya kijani, usiku yanakuwa meusi tii kama kavaa miwani ya jua. Na kile kidoti cheusi kwenye jicho kinakufuata popote ulipo, ingawa wataalamu wanasema si mboni, ni jinsi mwanga unavyoingia kwenye jicho lenye vijicho vingi. Mimi bado nahisi ananiangalia.

Na kwa kuona, si mchezo. Ana macho mawili makubwa na mengine matatu madogo katikati ya paji. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, waliwahi kuwabandika vunjajungu vimiwani vidogo vya rangi kwa nta ya nyuki, wakawaonyesha picha za video kama watu wanavyoangalia filamu za 3D. Matokeo ya mwaka 2016 yalionyesha kuwa kweli wanapima umbali kwa macho mawili kama sisi, na mwaka 2018 wakaeleza kuwa wao wanafanya hivyo kwa kufuata kinachotembea. Na hao waliovalishwa miwani walikuwa aina ya kwetu Afrika!

Haya, mapenzi, maana najua mnasubiri. Ndiyo, jike huweza kumla dume, wakati mwingine hata kabla shughuli haijaisha. Lakini si kila mara kama watu wanavyovumisha. Jike mwenye njaa ndiye wa kuogopwa. Watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 2016 waligundua kwamba jike aliyemla mumewe hutaga mayai mengi zaidi, kwa hiyo marehemu anakuwa amewalisha wanawe. Vijana wa kijiweni nilipowasimulia walikaa kimya dakika nzima. Kwako wewe mfugaji maana yake ni moja: kopo moja, mdudu mmoja.

Tatizo langu halikuwa mdudu. Lilikuwa mama mwenye nyumba. Siku aliyokuja kufuata kodi akamwona juu ya meza, akarudi nyuma hatua tatu.

“Mwanangu, unafuga nini humu?”

“Vunjajungu, mama.”

“Yaani yule yule?”

Jioni ile ile jagi lake la kioo likamponyoka bombani. Unadhani kesi aliangushiwa nani? Akasimama uani, wapangaji wote wanasikia: ama mdudu, ama chumba. Nami kodi nilikuwa nimelipa ya miezi mitatu, na pa kuhamia sina. Nikamwambia, shikamoo mama, nimekosa, lakini naomba uone kitu kimoja kabla hujanifukuza. Nikadaka mende wa jikoni kwake, nikamtumbukiza kwenye kopo. Mama anawachukia mende kuliko wapangaji wasiolipa. Alipoona yule mende anavyodakwa na kutafunwa kama muhogo, akasogea, akainama, mpaka khanga ikamdondoka begani. Akanipa mpaka mwisho wa mwezi.

Mwisho wa mwezi haukumkuta. Usiku mmoja jike lilijibandika kwenye kijiti, likaanza kutoa povu kama la sabuni, likalipanga kwa mkia saa nzima na zaidi. Asubuhi povu limekauka, gumu, rangi ya udongo. Humo ndani ndimo mayai. Baada ya hapo akawa mzito, mkono mmoja ukaacha kukunja, inzi wanampita. Nilimkamatia nondo nikamponda, nikamlisha kwa kijiti kama mgonjwa. Akalamba mara mbili, akaacha. Hawa viumbe maisha yao mafupi, mwaka mmoja hivi ukijumlisha yote, na dume huishi muda mfupi zaidi. Kama moyo wako mwepesi, ujue mapema. Mimi nilimzika chini ya michongoma na sikumwambia mtu.

Kijiti sikukitupa. Niliendelea kukipulizia maji, na kama wiki sita baadaye narudi geto nakuta kopo limejaa watoto, wadogo kama sisimizi, wananing'inia kwenye nyuzi. Niliacha kuhesabu nilipofika themanini. Wasipotengwa haraka wanaanza kutafunana, kwa hiyo nikawamwaga karibu wote kwenye ua na kwenye mpera, nikabaki na wawili, kila mmoja kopo lake. Mmoja juzi amevua ngozi mbele ya macho yangu, dakika ishirini hivi, nimekaa sipumui. Ametoka mzima, miguu yote sita.

Kuhusu miiko, nimewashika mara nyingi sana, na vikombe vyangu viwili vya udongo bado vipo mezani. Hawana sumu wala hawaumi kama nyuki. Mkubwa ukimbana atakuchoma na miiba ya mikono, utamwachia mwenyewe. Usimshike kwa kumkamata, muwekee kiganja mbele apande.

Mama mwenye nyumba siku hizi akipita anachungulia, anauliza “wachawi wako wamekula?” Mende wa jikoni kwake sasa anawadaka mwenyewe, ananiletea kwenye kopo la majarini. Ila jagi bado ananidai.